Saluti kwa Mama Darubini, Mchongaji wa Sarafu ya Jubilei

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Darubini atarudisha funguo za karakana ya uchongaji, akiwa ametimiza miaka thelathini na minne kamili katika kiwanda chetu cha sarafu.

Aliingia tarehe 1 Julai kama msafishaji wa mashine. Wiki ya tatu akamwambia msimamizi kwamba sarafu za siku ile zilikuwa nene upande mmoja. Msimamizi alicheka, akapima, akaacha kucheka. Miezi sita baadaye Mama alihamishiwa uchongaji, na jina la Darubini likamganda hadi leo. Lenzi yake huning'inia shingoni hata wakati wa chai, na wahudumu wa kantini wanajua kuwa kikombe chenye ufa hakimpiti. Mumewe, fundi cherehani, analalamika kwamba nyumbani kwao hakuna kifungo kinachoshonwa mara moja tu.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa sarafu ya miaka hamsini ya uhuru: askari akipiga saluti chini ya bendera. Muhuri wa chuma unaogonga sarafu huchongwa kinyume. Cha kulia huwekwa kushoto, ili sarafu itoke sawa. Aliuchonga kwa majuma matatu. Siku kumi na mbili kabla ya sherehe, sarafu za kwanza zilitoka. Tulisoma maandishi, tukakagua bendera, tukapiga makofi. Meneja akatia saini. Mezani kwake ilikuwapo pia barua ya kumpandisha Mama Darubini kuwa mkuu wa wachongaji, bado haijasainiwa.

Wakati wa chai, Mama Darubini akainua mkono kama askari wake, akaikazia macho sarafu, kisha akashika kichwa. "Jamani, askari wangu ana mashoto!" Maandishi alikuwa ameyageuza, bendera ameigeuza, askari alimchonga vilevile alivyokuwa kwenye mchoro.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameona, na kama angenyamaza asingeulizwa. Alikwenda moja kwa moja kwa meneja, akasema kosa ni lake peke yake na mashine isimamishwe. Meneja, jasho likimtoka, aliuliza nani atagundua. Akamjibu: kila mwenye mkono wa kulia.

Mashine ikazimwa. Alichonga upya kwa siku tisa, nasi tukipokezana kumpelekea chai ambayo ilipoa bila kuguswa. Sarafu zilikamilika siku moja kabla ya sherehe. Barua ya cheo nayo ikasainiwa.

Sarafu zenye kosa, mia nne na sita, ziliyeyushwa zote. Tuliomba moja tu ya kumbukumbu, alikataa katakata. Muhuri wenyewe aliukata kwa patasi usitumike tena, akauweka kwenye meza ya wachongaji wapya. Kila anayeanza kazi humsikia akieleza ni nani aliyeukosea. Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, aliomba muhuri huo usiondolewe pale.

Mama, ombi limekubaliwa. Asante kwa jicho lako, na kwa kulielekeza kwanza kwenye kazi yako mwenyewe. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana na vifungo vilivyokaa sawa. Ijumaa, ukifika getini, utatukuta tumejipanga mstari mmoja kukupigia saluti. Tumefanya mazoezi tangu Jumatatu. Kagua upendavyo: mikono yote ni ya kulia.