Mama Kinyaa, Fundi wa Kuta za Kutuliza

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kinyaa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mwashi, katika chumba kilichojaa masizi ya kibatari. Alisema kinyaa cha kwanza maishani alikipata humo: kuta zilinata, ukiziegemea unaondoka nazo mgongoni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975. Kuta za darasa lake zilikuwa rangi ya kamasi, tena kamasi ya mtoto mwenye mafua. Alichapwa mara nyingi kwa kugeuza dawati lielekee dirishani.

Mwaka 1979 mjomba wake, fundi rangi, alimpa brashi, na hakuiweka chini tena. Hakupaka nyumba bila kumuuliza mwenyewe huwa anakaa wapi akiwa na huzuni. Mwenye bucha alipotaka chumba cha kulala kiwe chekundu cha kung'aa, marehemu alikunja uso kama aliyekanyaga uchafu peku. "Mzee, hapa unakuja kulala au unarudi kazini?" Akampakia kijani cha jani changa. Baadaye mke wa mwenye bucha alikuja mwenyewe kushukuru: mzee ameacha kupiga kelele usingizini.

Tarehe 6 Desemba 1984 alifunga ndoa na seremala. Walipendana kama chanda na pete, ila kwa rangi hawakuwahi kupatana. Kwa mumewe, hakuna kitu duniani kisichopendezeshwa na vanishi kidogo.

Agosti 2022 alianza kuumwa ini, na Aprili mwaka uliofuata akalazwa. Wodi ile! Kuta za manjano ya nyongo, zenye michirizi ya uji mkavu na alama za vidole ambavyo heri usijue vilishika nini. Kila akifumbua macho, anatapika.

"Vumilia, mama, rangi hiyo inatuliza," muuguzi alimwambia.

"Inamtuliza nani, mwanangu? Inzi?"

Muuguzi alicheka mpaka akashika kitanda. Lakini usingizi ulikwisha kumkimbia mgonjwa. Madaktari waliposema hawana la zaidi, aliomba jambo moja tu: apelekwe nyumbani, apate ukuta wa kutuliza macho, afe amelala, siyo ameinamia beseni.

Mumewe akatangulia kupaka chumba chao bluu ya mbingu iliyooshwa na mvua. Akaiona imepooza, akaimiminia vanishi. Rangi ikakatika mabongemabonge kama maziwa yaliyochacha, naye akaipaka hivyohivyo. Marehemu alipoingizwa, aliziba pua.

"Baba watoto, nani katapika ukutani?"

Mzee akainamia ndoo na brashi mkononi, machozi yakimdondoka. Marehemu akamtazama, sauti ikashuka. "Usinililie kwenye ndoo, mume wangu. Kwangua. Fungua kopo jipya."

Akamwongoza akiwa kitandani. "Ongeza nyeupe. Koroga kutoka chini, unamwogopa nani? Basi! Hapohapo."

Walimaliza ukuta mmoja. Tatu zilibaki na karaha zake. Watoto wakageuza kitanda kielekee ule mmoja. Jioni hiyo alilala bila beseni, kando yake mumewe, mwenye kucha zilizojaa rangi ya bluu. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, usingizini.

Ameacha mume, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Mola ampe pumziko la amani, wala kisimchefue kitu tena.