Hatua Thelathini na Moja: Risala ya Kuomba Zahanati ya Kona Isifungwe

Mgeni rasmi, Mkuu wa Afya wa mji wetu, wajumbe mlioongozana naye, wauguzi wetu, wazee, akina mama, akina baba, vijana, na wewe uliyekuwa unapita njia ukaona viti ukakaa: hamjambo nyote.

KARIBU KWANZA

Mgeni rasmi, tunakupokea kwa mikono miwili, na tungekuwa na wa tatu tungeuongeza. Tunajua ziara hii si ya kutazama maua. Tangazo la ofisi yako linasema zahanati hii itafungwa siku ya mwisho ya mwezi huu, nawe umekuja kutueleza sababu. Tunakushukuru kwa kuja mwenyewe. Lakini kabla hujatueleza, tunaomba utusikilize kidogo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na leo sisi tunaitumia methali hiyo neno kwa neno, bila mafumbo yoyote.

ZAHANATI ILIKOTOKEA

Jengo hili lilikuwa stoo ya saruji. Miaka kumi na tisa iliyopita wakazi walilifagia siku tatu mfululizo, na kila aliyeingia alitoka mweupe, hata mkewe akamtambua kwa sauti tu. Benchi tuliomba shuleni. Kitanda kililetwa na ofisi yenu, pamoja na muuguzi kijana aliyeambiwa atakaa miezi sita. Yupo mpaka leo.

Jina lake hatulitumii. Tunamwita Dada Kaa-Hapo, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila mtu, awe tajiri, maskini, mzima au mahututi. Hapa hakuna miadi wala barua ya utambulisho. Unaingia, unasema unaumwa wapi, unaambiwa kaa hapo, unatibiwa. Watoto wa mtaa huu wakicheza mchezo wa hospitali, daktari wao hasemi pole. Anasema kaa hapo.

MAFANIKIO, AU HABARI YA KINYOZI

Mgeni rasmi, tulikuwa na orodha ndefu ya mafanikio: chanjo, vidonda, wajawazito, presha za wazee. Tutakukabidhi kwa maandishi uisome kwa nafasi. Hapa tunaomba kukusimulia habari ya mtu mmoja tu, kinyozi wetu, aliyekaa pale safu ya pili, mwenye shati la bluu. Tulimwomba ruhusa kwanza. Akasema, "Semeni yote. Hata ile barua."

Basi tuanze na barua.

Kibanda cha kinyozi kinatazamana na zahanati, barabara katikati. Kwa miaka mingi alikuwa hampendi jirani yake huyo. Asubuhi foleni ya wagonjwa ilivuka barabara ikafika mlangoni pake. Wagonjwa walikalia viti vya wateja wake. Mtoto mmoja alitapika kizingitini, mama yake akasema samahani, na kinyozi akabaki na ndoo. Siku moja uzalendo ukamshinda. Akavuka kwenda kumwambia muuguzi aihamishe foleni yake. Dada Kaa-Hapo alikuwa anafunga kidonda, hakuinua hata macho.

"Kaa hapo, nikimaliza nakuja."

Kinyozi akakaa. Alikaa nusu saa nzima, kati ya mwenye jino na mwenye kikohozi, ndipo akakumbuka kwamba yeye si mgonjwa. Akanyanyuka na kuondoka bila kuaga. Njia nzima alihisi watu wanamcheka, na kweli tulikuwa tunamcheka.

Kesho yake mchana, wateja hakuna, akachukua kalamu ya wino wa kijani akaandika kurasa mbili kwenda ofisini kwako. Alisema zahanati ni kero. Alisema muuguzi anaongea kama sajini. Akamalizia kwa kuandika, "Sisi wakazi hatuna haja nayo." Hiyo "sisi", Mgeni rasmi, hakumuuliza mtu. Hata mkewe hakumuuliza. Akaitia barua kwenye sanduku la maoni, roho ikatulia, akasahau.

Miezi minne ikapita. Jumanne moja, saa nne asubuhi, alikuwa anamnyoa mwalimu wetu mstaafu wa hesabu. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshakuwa upara, wa pili bado mvi. Kinyozi akatoka nyuma kuanua taulo kambani, akalitupia begani, akarudi. Ndani ya taulo alikuwemo nyuki. Akamdunga shingoni.

Kinyozi akamuua nyuki, akatukana kidogo, akawasha tena mashine. Nyuki si simba. Lakini viganja vikaanza kumwasha, kisha tumbo. Mwalimu akaona kwenye kioo midomo ya kinyozi inavimba.

"Wewe, mbona uso unaumuka?"

"Si kitu, mwalimu, inamisha kichwa."

Sauti ilikuwa si yake. Ilitoka nyembamba, na nyuma yake pumzi ikawa inapiga mluzi. Kinyozi anatuambia kwamba wakati ule alihisi kama mtu amemfunga skafu kooni na anaikaza taratibu, bila haraka, kama mwenye siku nzima. Akataka kukaa. Mwalimu, shuka la kunyolea likiwa bado shingoni mwake, akamshika kwapani, wakatoka. Mwalimu ni mtu wa hesabu, hata kwenye kiama atahesabu. Kutoka kiti cha kinyozi hadi mlango wa zahanati ni hatua thelathini na moja. Walipofika ya ishirini na sita, kinyozi alikuwa haoni vizuri.

Dada Kaa-Hapo aliinua macho. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akasema neno jingine.

"Lala hapo!"

Akafungua kabati, akatoa sindano. Sasa ujue, kinyozi huyu anashika wembe kutwa lakini sindano anaiogopa kama kifo. Na huku kifo chenyewe kimeshafika mlangoni, bado akajaribu kujadiliana, ulimi umejaa kinywani.

"Dada... hamna... vidonge?"

"Vidonge vya maiti sina," akasema muuguzi, akamdunga pajani, juu ya suruali, bila kuuliza tena.

Alimshika mkono, macho kwenye saa ya ukutani. Dakika tano. Akamdunga ya pili. Kwenye benchi, mwenye jino wa siku hiyo alisahau kulia. Kisha ule mluzi ukaanza kushuka, ukawa mkoromo, mkoromo ukawa pumzi. Kinyozi akafumbua macho na kuuliza kama mashine yake ameizima.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika hamsini. Dereva hatumlaumu, alikimbia sana. Hospitali ndiyo iliyo mbali. Mwalimu aliingia garini naye, nusu kichwa vile vile, na kule hospitali walitaka kumlaza yeye, wakidhani ndiye aliyepata ajali. Daktari alipomaliza kumpima kinyozi aliuliza, "Nani alikuchoma sindano ile?" Akaambiwa. Akasema, "Ungekuja huku bila sindano hiyo, saa hizi ningekuwa naongea na mke wako."

Siku ya tatu kinyozi akarudi nyumbani, amechangamka, amenunua zawadi ya kumpelekea muuguzi. Yeye na mkewe walipofika zahanati wakakuta tangazo mlangoni, gundi bado mbichi. Mkewe akalisoma kwa sauti. Kwamba zahanati itafungwa. Kwamba wagonjwa ni wachache, na hospitali kubwa inatosha. Na kwamba ofisi imezingatia maoni ya wananchi wenyewe, ambao wameandika kuwa "sisi wakazi hatuna haja nayo".

Kinyozi aliyajua maneno yale kama mtu anavyoijua kandambili yake msikitini au kanisani, hata ikichanganyika na za watu mia.

"Baba Pacha, mbona umeganda?" mkewe akauliza. "Umeumwa na nyuki tena?"

"Afadhali nyuki," akasema.

Hakuingia ndani. Alipanda basi akaja ofisini kwako, Mgeni rasmi, akaomba arudishiwe barua yake. Karani alimpokea kwa adabu, hilo tunalisema wazi.

"Mzee wangu, barua ikishapigwa muhuri ni mali ya ofisi."

"Basi nipige muhuri na mimi, maana aliyeiandika siyo huyu aliyesimama hapa."

Karani akacheka, kisha akaacha kucheka. "Andika nyingine, baba."

"Itasomwa?"

"Sijui. Ya kwanza ilisomwa kwa sababu ilikuwa peke yake."

Kinyozi akarudi akiwa amenywea. Sasa ilibaki sehemu ngumu kuliko sindano. Alisubiri foleni iishe, akaingia, na kabla hajaambiwa akakaa mwenyewe. Muuguzi alikuwa anakunja bandeji.

"Dada, kuna jambo. Zahanati inafungwa kwa sababu yangu. Nili..."

"Uliandika barua. Kwa wino wa kijani. Waliniletea nakala niijibu."

Kinyozi akatazama sakafu. "Kwa hiyo siku ile ya nyuki ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na hukusema neno!"

"Ungenijibu nini, na ulimi ule?"

Akaendelea kukunja bandeji zake. Kinyozi alilia pale pale kwenye benchi, na zawadi mkononi. Muuguzi alimwacha alie, kisha akampima presha, maana alikuwa ameshakaa.

Hayo ndiyo mafanikio yetu, Mgeni rasmi. Orodha utaikuta kwenye bahasha.

CHANGAMOTO

Hatutaki uondoke ukidhani kila kitu hapa ni sukari. Paa linavuja, tena linavuja juu ya mizani, hivyo masika watoto wetu hupimwa uzito pamoja na maji. Foleni kweli inaziba milango ya watu, katika hilo kinyozi alikuwa na haki. Dada Kaa-Hapo ana msaidizi mmoja tu, na wote wawili hula chakula cha mchana wakiwa wamesimama.

Kuhusu hoja kwamba wagonjwa ni wachache, tunaomba kusema kwa heshima. Wakaguzi wa ofisi yako walikuja kuhesabu wagonjwa siku ambayo barabara yote ilikuwa imechimbwa kuweka bomba la maji. Kuvuka ilibidi utembee juu ya ubao. Mwenye homa hatembei juu ya ubao. Waliandika wagonjwa watano. Kati ya hao watano, wawili walikuwa wakaguzi wenyewe: mmoja alitaka dawa ya kichwa, na wa pili aliomba choo. Wote walihudumiwa.

Kuhusu hoja kwamba hospitali kubwa inatosha, ni kweli ni nzuri, nasi tunaipenda. Lakini kufika huko ni mabasi mawili na kilima. Kinyozi alibakiza hatua tano macho yakaanza kumzima. Tumekaa tukajiuliza angefikaje kituo cha basi. Hatukupata jibu, na mwalimu wa hesabu alikuwepo.

MAOMBI

La kwanza, na ukilisahau hili mengine yote hayana maana: zahanati isifungwe.

Tunaomba pia wakaguzi warudi kuhesabu upya, siku yoyote ya kawaida, tena wasitupe taarifa. Wakiumwa kichwa, dawa ipo. Paa litengenezwe, mabati mafundi wetu wako tayari kuyapigilia wenyewe, mradi mtuletee. Foleni tumeshaipatia mahali, nyuma ya jengo, chini ya turubai ambalo kinyozi ndiye aliyelifunga.

Na ombi la mwisho ni dogo. Ndani ya bahasha kuna barua ya pili. Ina wino wa kijani pia, mwenyewe alisisitiza. Safari hii ile "sisi" ni sisi kweli: ina saini mia sita na kumi na mbili, alizozikusanya kinyozi kwa siku kumi na moja, mlango kwa mlango na kichwa kwa kichwa. Kuna fununu kwamba kwa wateja wake alikuwa anasubiri wembe ufike shingoni ndipo anauliza kama mtu yuko tayari kusaini. Tumechunguza. Tunakuhakikishia saini zote ni za hiari. Tunaomba barua hii ipigwe muhuri, ikae faili moja na ile ya kwanza, zisomwe pamoja.

TUNAPOKUACHIA NENO

Mgeni rasmi, mwezi huu unaisha Jumamosi. Jumatatu itakayofuata, saa mbili asubuhi, atakuja dada mmoja mwenye mimba ya miezi minane kupimwa presha. Atakuja dobi kubadilishiwa bandeji ya mguu alioungua na pasi. Na atakuja mama amebeba mtoto mwenye homa. Mtoto huyo hatujamjua bado, maana leo ni mzima, pengine ni mmoja wa hawa wanaokimbia nyuma ya viti. Hatuna njia ya kumwambia asiugue. Watakuja tu, kama walivyozoea, bila miadi. Watakachokikuta mlangoni kimo mikononi mwako.

Mungu akupe afya, Mgeni rasmi, wewe na nyumba yako yote, akupe safari njema na maamuzi mepesi. Na siku afya ikikuponyoka, kwani sote ni binadamu, basi ikuponyokee karibu na mlango ulio wazi.

Tunaomba kuwasilisha. Ni sisi,

Wakazi wa Mtaa na Wagonjwa wa Zahanati ya Kona, waliopona na watakaougua.