Chumvi ya Mama Kavugho

Karibieni, Mulenga na Nono, mukae chini mumusikilize mama yenu, maana hii mwezi sitaimaliza, na sina huzuni, nimekula miaka yangu vizuri.

Nimezeekea hapa mugini, kijiji yetu ya pembeni ya mji, nusu saa kwa miguu mpaka soko ya Kampemba. Bantu ya mjini banatuita ba pori, ba pori banatuita ba mjini, na sisi tunacheka, maana bote banakula sombe yetu, majani ya muhogo. Asubuhi tunapita kati ya vichuguu na mabeseni ya sombe na makala, mangaribi tunarudi na chumvi, sabuni na habari. Ile njia njo mugini yenyewe. Shamba ni yenu bawili, mugawane bila kelele. Mitungi ya munkoyo achukue Nono, Mulenga anajua kuinywa tu.

Lakini mwaka jana, basoda benye bunduki na raia balipovunja maduka na soko ikafungwa, ile njia ilijaa bantu ya mjini banakuja kwetu kutafuta chakula. Mama Kavugho wa Kivu, mwenye kuuzisha chumvi kwa jumla, alifika miguu wazi na batoto yake, depo yake imevunjwa. Nikamupokea, maana jirani ya karibu anapita ndugu ya mbali. Alilala kwangu mwezi muzima, na ndani ya ghala yangu, nyuma ya mahindi, Mulenga, ulikuwa umeficha magunia mbili ya chumvi yake. Niliiona. Njia ya muongo ni fupi, nilijua, lakini niliogopa batakufunga, nikanyamaza. Tena ile chumvi niliitia ndani ya sombe nikamupa, akaniambia, "Mama, sombe yako iko tamu sana." Ile neno inanikaa kooni mpaka leo.

Usilie. Nimekusamehe, na mimi nilikula. Gunia moja imebaki. Kesho, jua ikiwa juu, uibebe kichwani, upite njia ya soko bantu bote bakuone, umupe mukononi pale sokoni, na habari ya ile sombe umwambie. Nikikufa mbele ya ile, chakula ya kilio yangu mupike bila chumvi; bantu banung'unike, bawacheni. Mama Kavugho akija kunililia, akatoa chumvi kwa mukono yake, muitie ndani ya chungu. Asipotoa, mukule hivyo hivyo.

Mungu awalinde, na bankambo, bazee betu baliotutangulia. Njia yenu isiote majani... Nono, maji kidogo...

Mulenga, unasimama? Nilisema kesho...

Eh. Enda basi, mwanangu. Jua ingali juu.