Sauti Iliyo Chini ya Kuhesabu Kwangu

Wapendwa wa shirika, ninyi munaosali pamoja nami hapa, asante kwa kunipa nafasi. Wengi wenu munanijua wakati wa shida tu: redio ikinyamaza munakuja kwenye meza yangu sokoni, ikisema tena munanisahau. Si kitu, nimezoea. Leo nataka kusema juu ya kaseti moja. Jina la mutu sitataja, na mwenye kaseti ameniruhusu.

Mama mumoja wa upande wa Wamaza aliniletea shene ya zamani, imefungwa kwa kikwembe, kitambaa chake cha kuvaa, nyuma ya pikipiki. Shene, kwa ninyi vijana, ni ile mashine ya muziki ya nyumbani: ampli, mahali pa kaseti, na bafle mbili za mbao zinazotoa sauti. Bwana yake, marehemu, ndiye aliyeinunua. Mama akaniambia, "Mwanangu, sitafuti muziki. Mutoto wangu alikufa kwenye mashimo ya zahabu, udongo ulimuangukia. Mbele ya kufa alinitumia kaseti, maana mimi sijui kusoma. Sauti yake iko humu. Unitengenezee tu, nimusikie." Akanipa ile kaseti mukononi, ndani ya kitambaa.

Nikamujibu, "Mama, usiwe na wasiwasi." Ndugu zangu, neno hilo linaniwasha mpaka leo.

Shene ilikuwa nzuri, nikaipenda. Vipuri vipya hatuna huku, basi nikachuna mizoga ya mashine. Vile vikopo vidogo vinavyotuliza umeme nilivitoa kwenye televizyo iliyokufa. Bafle moja ilikuwa imepasuka, nikaibandika karatasi kwa gundi ya unga wa muhogo. Kichwa kinachosoma kaseti nikakisafisha kwa alkoli ya farmasi. Kuna kichwa cha pili, cha kufuta, kinachopangusa sauti ya zamani wakati unaandika mpya. Hicho nilikiacha na uchafu wake. Alkoli iliisha, na mimi ni mutu wa kusema "hii itatosha". Mulikumbuke hilo, nitalirudilia.

Tena niko na kiburi. Mama aliomba kusikiliza tu. Mimi nikaongeza tundu la mikro, ya kuandikia sauti, ili watu waseme, huyu ni fundi kweli.

Sasa, munajua desturi yetu. Kaseti ya nyimbo inauzwa na tundu mugongoni ili isifutwe. Sisi tunaziba tundu na karatasi, tunaandika juu. Kaseti tupu tungeipata wapi? Kaseti yangu ya kujaribia nilikuwa nimeiziba hivyo. Na yule kijana, kule machimboni, alichukua kaseti ya kwaya, akaiziba vilevile, akamusemesha mama yake. Zote mbili zilikuwa mezani. Nikaona karatasi kwenye tundu, nikasema, hii ni yangu.

Nikashika mikro. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Nikaimba, nikataniana na jirani anayeuza sabuni, nikahesabu tena, mpaka upande mzima ukaisha. Nikairudisha nyuma nisikie kazi yangu. Sauti yangu ikatoka safi. Na chini yake, mbali sana, mutu mwingine akasema, "Mama."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, soko limejaa watu. Nikazima mashine, nikatazama nyuma yangu.

Mama alipokuja nikamuambia mashine imekula kaseti. Akauliza, "Hata kipande hakikubaki? Nikishike tu." Nikasema, "Nimechoma, mama." Akatazama mikono yangu kitambo, akafunga shene na kikwembe kilekile, akaenda. Kaseti ilikuwa mufukoni mwangu.

Tangu siku ile, kila mashine niliyofungua ilimuita mama. Redio ikikoroma kidogo tu, ndani ya kule kukoroma namusikia. Nikasema mufu ananifuata. Nikaanza kujichoma, nikaharibu vitu vya watu. Nikanywa. Bibi yangu niliyemuoa akachoka, akarudi kwao Nyangwe, na alikuwa na haki. Mwisho nikafunga meza, nikaenda Lusangi kuchimba zahabu. Nilijiambia, nikishuka shimoni kama yeye labda ataniacha. Haikusaidia. Pompi ya kutoa maji shimoni ilikoroma toka asubuhi, na yeye yumo.

Nilichimba pamoja na Muislamu mumoja kutoka Kivu, ambaye zamani alifanya kazi kwenye redio ndogo ya kijijini kwao. Muchana mumoja, tukiwa tunakula, nikamumwagia yote. Akacheka! Nilitaka kumupiga.

"Mukubwa," akasema, "ulisafisha kichwa cha kufuta?"

"Hapana."

"Basi hukufuta. Uliandika juu tu. Mutoto wa watu angali mule ndani, na wewe unakimbia."

Ndugu zangu, nawaambia, niliketi matopeni. Nilikuwa nimemuogopa mufu miezi yote ile. Sasa ilibaki kumuogopa mama yake, na huyo alikuwa muzima.

Nilitembea kwa miguu hadi Wamaza. Nikamukuta anamenya karanga. Nikapiga magoti, nikasema, "Mama, sikuichoma. Niliandika sauti yangu juu ya mutoto wako, kisha nikakudanganya." Nikaweka kaseti mbele yake. Hakuigusa. Akamenya mpaka ungo ukaisha.

"Siku uliyoniambia umechoma," akasema, "nilianza matanga upya. Unajua?"

"Najua, mama."

"Hujui. Keti. Utafanyia kazi hapa, mbele ya macho yangu. Mashine haitoki tena kwangu."

Nikafanya kazi siku tatu. Kwanza nikakata waya wa kuandikia, asipatikane mujinga wa pili. Nikasafisha vichwa vyote, nikabadili vikopo vilivyochoka, nikaacha jenereta na kutumia batri ya pikipiki, mukoromo ukapungua. Kisha tukaketi, tukasikiliza.

Mimi: moja, mbili, tatu. Na chini yangu: "Mama, ni miye. Niko muzima. Huku chakula kiko."

"Nyamaza, wewe!" mama akaipigia bafle kelele. Alikuwa anakaripia sauti yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa kando yake. Halafu akalia, akacheka, akalia tena, akaniomba nirudishe nyuma.

Pombe niliacha. Bibi yangu amerudi, munamuona pale. Meza yangu iko wazi. Lakini sitamudanganya tena mutu yeyote: sauti yangu haitoki kwenye kaseti ile. Nimejaribu kila ninalolijua. Kuna pahali kijana anasema, "Mama, nikirudi nitakuletea," na palepale mimi napaza, tatu! Neno limezikwa. Mwanzoni mama alilisema yeye mwenyewe, maana kaseti aliijua yote: kikwembe. Nilipokwenda mara ya pili, akasema sufuria. Sasa tukifika pale ananitazama mimi, nimupe neno. Narudisha nyuma, tunasikiliza tena. Hapo ndipo ninapomusikia yule kijana hata leo, hapo anapokatika.

Namushukuru yule mwenzangu wa shimoni aliyecheka. Nawashukuru ninyi mulioniombea bila kujua ninaumwa nini. Namushukuru mama aliyesema "keti" pahali pa kusema "toka". Ukiharibu kitu cha mutu, mwambie siku ileile, na kitu chenyewe bado kiko mukononi. Na mbele ya kuandika sauti yako, sikiliza kwanza nani anasema pale.

Nimebakiza ombi. Kati yenu kuna waliokaa Wamaza miaka ile, na kaseti ilipofika majirani wengi walikwenda kwa yule mama kuisikiliza. Mutanisamehe kama mumekwisha kumutambua. Kama mutu hapa anakumbuka kijana alisema atamuletea mama yake nini, anifuate pale mulangoni. Nitangoja mpaka wa mwisho wenu atoke.