Nukta Tatu za Aurèle Cormier

Aurèle Cormier alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Caraquet, New Brunswick, Kanada, mtoto wa tano wa Edmond na Zélia. Alisoma hapo hadi darasa la tisa. Kukaa dawatini kulimshinda, na mwaka 1969 akaenda Bathurst kujifunza kuchomelea.

Kuanzia 1971 hadi 2009 alichomelea mabomba ya kiwanda cha karatasi, yale ya chuma kinachoitwa kisichoshika kutu. Yeye alijua kinashika. Kila alipoziba ufa aligonga nukta moja kando yake. Moto ukirudiwa palepale, alisema, chuma cha pembeni hupoteza kinga, na kutu hula hapo. Nukta zikifika tatu, bomba likatwe.

Oktoba 1994 bomba lenye nukta tatu lilivuja, na msimamizi wake alimwambia, "Wee Aurèle, acha mbwembwe. Ziba tu, litufikishe hadi Krismasi." Akaziba mara ya nne. Siku ya kumi na tisa lilipasuka, dawa ya moto ya kuchemshia mbao ikamuunguza mwenzake, Ulric Savoie, uso na mikono. Ulric alipona, yuko hapa kanisani, benchi la pili. Aurèle hakuungua, lakini hakupona. Tangu hapo alikula amesimama, viatu miguuni, kana kwamba bomba jingine lingepasuka.

Alimwoa Léola Haché tarehe 7 Agosti 1976. Sufuria lake la fricot, mchuzi wa kuku, lilipokatika mkono mara ya nne, Aurèle alilitupa. "Haya, na goti langu limepasuliwa mara tatu," Léola akamwambia. "Mimi unanitupa lini?" Aurèle alicheka mpaka akakaa sakafuni. Baada ya ajali ile, sikumbuki kumwona amekaa siku nyingine.

Mapafu yalianza kumsumbua 2021. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, akiwa na miaka 72. Asubuhi hiyo alikuwa akiulizia viatu vyake.

Ameacha mjane wake, Léola; mwanawe, Gilles; na mimi, binti yake Odile, ninayechomelea kiwandani humo humo. Ameacha pia bomba moja, jengo la pili, lenye nukta tatu: mbili zake, moja yangu. Juzi lilivuja tena. Roméo, msimamizi wangu, nakuona hapo mlangoni. Uliniambia, "Odile, Jumatatu ziba bwana, usiniletee mambo ya mzee wako."

Naogopa, na kazi naihitaji. Lakini silizibi. Nitalikata.

Baba, viatu viko hapa. Kaa sasa, upumzike.