Nyuon Gatkuoth na Sikio Tulilolitangaza Kuwa Limepona

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Nyuon Gatkuoth alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 huko Nasir, vita vikamfikisha kambi ya Kakuma mwaka 1992, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi 1997, huku masikio yake yakitoa usaha tangu utotoni, la kulia likafa kabisa, na walimu wakamwita mkaidi.

Alirejea Juba Septemba 2006, akaajiriwa kupakia mizigo uwanja wa ndege, akafunga ndoa na Nyapal tarehe 16 Desemba, wakajaliwa Nyamuoch mwaka 2007 na Rufus mwaka 2009.

Tarehe 10 Juni 2008 alipasuliwa sikio la kushoto jijini Nairobi, na daktari alieleza bila kuficha kwamba kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa uozo uliokula mfupa, kusikia kungefuata kama kungefuata, na kwamba lazima arudi kupimwa kila miezi sita. Sisi tuliambiwa amepasuliwa, tukaelewa amepona, tukachinja fahali hapa mtaani kwetu Juba Na Bari, na Jumapili ya tarehe 3 Agosti tukamsimamisha kanisani atoe ushuhuda, naye akautoa, maana nani angebisha na nyama imekwisha kuliwa.

Ukweli, na unaudhi kuusema leo, ni kwamba sikio lile lilikauka lakini likawa zito kuliko zamani, na dada yake mkubwa Nyadak, anayewasomea haya, alimwona akitazama midomo ya watu mezani, akakasirika, akamwambia aache kujifanya, kwani aliyeshuhudia uponyaji kisha akarudi hospitali anamfanya Mungu mwongo. Usaha uliporudi Nyuon aliuziba kwa pamba, akaenda kazini.

Tarehe 17 Novemba 2009 alishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, ugonjwa ukawa umepanda kichwani, akafariki tarehe 21 saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Juba waliohangaika naye siku hizo, majirani kwa maji, chai na maturubai, na wafanyakazi wenzake, hasa Opio kutoka Uganda, aliyejua bila kuambiwa, akawa anamgusa bega kwanza ndipo amsemeshe. Kwa namna ya pekee tunamshukuru daktari wa Nairobi, aliyepiga simu mara tatu kumwita akapimwe, na kwa kuwa Nyuon hakuweza kusikia simu, namba aliyopewa daktari ilikuwa ya Nyadak, na mara zote tatu Nyadak alipokea, akajibu kwamba mgonjwa amepona.

Nyuon, ndugu yetu, amani ya Bwana ikupumzishe.