Jicho la Kushoto la Resham

Mbele ya duka la bendi ya harusi ya Mohanpura pana benchi la miguu mitatu na tofali. Anayeketi upande wa tofali ni mgeni, na akitikisika chai ikammwagikia, shauri yake. Wenye benchi ni watu wa harusi. Yupo Ghanshyam, ambaye hata mkewe humwita Tarumbeta kwa kazi yake na kwa mashavu yake. Yupo Karani, mstaafu wa reli, anayeandika kadi za mialiko kwa mkono na kutoa methali kama mganga anayegawa dawa asizojua zinatibu nini. Na yupo Badri mwenye jiko la chai, ambaye hakai kitako lakini hakuna neno linalompita. Jumatano hiyo asubuhi alikuwepo Siraj pia, na farasi wake wa kubeba mabwana harusi, Resham, jike jeupe pe, amefungwa kwenye nguzo ya umeme hatua tano kutoka kilipo kikombe cha bwana wake. Jicho la kulia lilikuwa linawatazama wote. La kushoto lilikuwa limefumba, chozi linateremka mpaka puani.

Siraj hakuja kupiga soga. Alikuja kutafuta njia, na aliapa hatainuka bila kuipata.

– Hebu rudia, Tarumbeta akasema. Polepole. Masikio ya Karani yalistaafu pamoja naye.

– Daktari wa mifugo anafika Jhalera Alhamisi tu, Siraj akasema. Alhamisi ni kesho. Saa tatu asubuhi niwe mlangoni kwake. Kilomita kumi na nane, na Resham lori hapandi hata umbembeleze kwa sukari guru. Tutatembea. Akishatiwa dawa ya kupanua mboni, kazi hakuna siku hiyo, hata jua asilione.

– Na harusi ni kesho.

– Saa kumi jioni. Nimeshawapa neno langu.

– Basi daktari asubiri wiki ijayo! Badri akadakia, huku akiponda tangawizi. Yeye si bwana harusi, hakuna nyota inayompangia siku.

– Asubiri nini, Badri? Ameniambia waziwazi. Kioo cha jicho kina mchubuko. Kesho analiangalia tena. Mchubuko ukiwa umepona, salama. Ukiwa umechimbika zaidi, analing'oa jicho.

Farasi chongo hapandishwi bwana harusi. Hilo Mohanpura halina mjadala: mama wa kijana akiona jicho moja ataona mkosi umesimama mlangoni na miguu minne. Na Siraj hakuwa na kazi nyingine tangu azaliwe, wala mnyama mwingine. Alimchukua Resham akiwa mtoto wa miezi sita, akamlea kwa maziwa ya mbuzi, na miaka kumi na mmoja sasa wanalala wakitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Kazi ilimtia wasiwasi, ndiyo. Lakini kilichomnyima usingizi ni vile Resham alivyokuwa anakuja kuliweka lile jicho bovu begani kwake na kulibana pale, akitetemeka.

– Kwani limeanzaje? Tarumbeta akauliza. Maana mimi nina fikra zangu.

– Hata kabla hujasema, si sawa, Karani akamwambia.

– Taa! Wale wabeba taa wa msafara wa harusi wanawasha mataa hamsini usoni pa mnyama. Wewe Karani ukiwashiwa taa hamsini si utalia?

– Mimi hulia nikisikia tarumbeta lako. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ndiyo sababu Siraj akamfungia pazia.

Siraj akainamisha uso. Kweli, tangu jicho lianze kuharibika alikuwa amerefusha zile shanga za kipajini mwa Resham, msururu baada ya msururu, ili wenye harusi wasione. Alijua ni udanganyifu na hakuupenda. Lakini alijiambia, apone kwanza.

– Ingekuwa taa, Badri akasema, yangeuma macho yote mawili. Mbona la kushoto tu? Nijibuni hapo.

– Husuda, Tarumbeta akajibu bila kufikiri. Yule Iqbal mwenye farasi wa hudhurungi, nyumba yake iko upande gani ukitoka kwa Siraj? Kushoto!

– Astaghfirullah, Siraj akasema. Iqbal ndiye aliyeniazima ndoo jana.

– Ndoo! Karani akashtuka. Umepokea ndoo? Kikulacho ki ndooni mwako, kaka.

– Methali haisemi hivyo!

– Itasema. Mpe muda.

Badri akamimina chai kwenye vikombe vya udongo, kisha akainua kijiko kama hakimu.

– Nyie hamjui. Huyu mnyama anaona mambo. Jicho la kulia linaona barabara, la kushoto linaona ndoa. Akimbeba bwana harusi anajua kabisa huko mbele kuna nini, ndiyo maana analia. Yule wa Jumatatu alimlilia sana?

– Sana, Siraj akakiri. Alfajiri yake jicho lilikuwa limefumba kabisa.

– Mmeona? Na nasikia yule wa Jumatatu keshagombana na baba mkwe kwa ajili ya pikipiki.

– Lo! Tarumbeta akashika shavu. Basi tumpeleke kwenye nyumba za wachumba kabla ya posa. Farasi akilia, posa inarudi. Tutakula kwa heshima mpaka uzeeni.

Walicheka. Siraj hakucheka.

– Nisikilizeni basi, jamani, akasema, na sauti yake ikawa nzito. Daktari alipomtazama wiki iliyopita aliniuliza, kuna kitu kinaingia humu? Nikamwambia hakuna kitu, daktari. Nilikuwa nimemwosha uso mzima kwa heshima yake, anang'aa. Akanipa dawa ya matone. Nikawa natia kila baada ya saa nne, sikosi. Kufikia Jumamosi jicho likafunguka. Nikashukuru Mungu. Jumatatu tukaenda kazini, Jumanne likafumba tena. Sasa nyinyi hamna akili ya kunisaidia ila kumsingizia Iqbal?

– Tunakusaidia, Karani akasema kwa upole. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa hiyo daktari ainame, aje yeye. Nitamwandikia kadi ya mwaliko kwa wino wa dhahabu: Wewe na familia yako. Atafika harusini, atakula, na kati ya wali na halua ataangalia jicho.

– Daktari yuko zamu, ana ng'ombe sitini kwenye foleni.

– Mlete na ng'ombe mmoja. Ng'ombe ni baraka harusini.

– Tumvishe miwani ya jua, Tarumbeta akasema. Aende kwa daktari, atiwe dawa, arudi, avae miwani. Siku hizi bwana harusi mwenyewe anavaa miwani. Watasema wamefanana.

– Miwani ya farasi inauzwa wapi?

– Tunaunga mbili za binadamu.

– Kuna njia rahisi, Badri akasema, na wote wakajua njia yenyewe si rahisi. Tuipeleke harusi Jhalera. Msafara uanze alfajiri, kilomita kumi na nane, bendi inapiga, wajomba wanacheza. Tukifika kwa daktari tunapumzika, farasi anatibiwa, wajomba nao wanatibiwa. Jioni tunarudi.

– Na mashavu yangu? Tarumbeta akauliza. Kilomita kumi na nane! Mtanizika na tarumbeta mdomoni.

– Bora nusu shari, Karani akasema, hata hakuna aliyemuuliza nusu ya shari gani.

Hapo akatokea mwanamke aliyevaa sari ya manjano, mkoba kwapani. Alikuwa Vimla, mke wa kaka mkubwa wa bwana harusi wa kesho. Mama mkwe wake alikuwa amemtuma kumwona farasi. Badri akampangusia benchi, upande wa tofali. Vimla akalitazama lile tofali, akabaki amesimama.

– Ndiye huyu? akauliza. Mashallah, mzuri. Hapigi mateke?

– Hapigi, dada, Siraj akasema, na kwa mazoea ya siku hizo mkono wake ukanyooka palepale benchini, kana kwamba unazishusha zile shanga.

Vimla alimzunguka Resham akasimama upande wa kushoto, pale ambapo bwana harusi hupandia, pale ambapo wanawake wote husimama. Akafungua mkoba, akatoa kikopo kidogo cha fedha chenye wanja.

– Nimeutengeneza mwenyewe kwa moshi wa taa ya samli, akasema. Mimi ndiye shemeji, kesho ni kazi yangu kumpaka bwana harusi wanja. Na nikishampaka yeye nampaka na farasi, kijicho kisiwapate. Kwenu si ndivyo?

– Ndivyo, ndivyo, Tarumbeta akasema. Hakuna harusi isiyofanya.

Vimla akazipanga shanga pembeni kwa kidole, akainama kulitazama jicho. Akakunja uso.

– Mbona huu upo mwingine humu? Umeganda kama masizi ya sufuria. Mimi wangu nitaupaka juu ya wa nani?

– Wa Jumatatu huo, Karani akamwambia.

– Na wa Jumatatu ulipakwa juu ya upi? Samahani, naona kama kuna tabaka tabaka chini ya kope, maji hayajafika. Nauliza tu jamani: harusi ikiisha, nani humfuta?

Tarumbeta akamtazama Karani. Karani akamtazama Badri. Badri akatazama chai yake ikifurika jikoni, asiitoe. Kila mmoja wao alikuwa na harusi thelathini za msimu huu kichwani, mashemeji thelathini, vidole thelathini vyenye kucha ndefu za sherehe, kila kidole na wanja wake wa dukani au wa nyumbani, wote wamesimama upande wa kushoto.

Siraj akayakumbuka maneno yake mwenyewe. Hakuna kitu, daktari. Ndivyo alivyosema kwa kinywa chake. Hakudanganya. Wanja haukuwa kitu. Ulikuwa kinga, ulikuwa dua, nani angeuhesabu? Na tangu juzi alikuwa anadondosha dawa juu yake, kila saa nne, hakosi, huku yule mnyama akimlilia begani.

– Mungu nisamehe, akasema. Resham, nisamehe.

Kisha akainuka.

– Badri, maji yaliyochemka unayo?

– Ya chai tu, haya hapa. Bomba limekatika mpaka saa tisa. Ukiyachukua, kijiwe hakina chai leo.

– Nipe yote. Na chumvi kidogo. Yapoe kwanza.

– Siraj, Tarumbeta akasema, na kesho je?

– Kesho Resham yuko kwa daktari saa tatu asubuhi, na kitu cha kwanza nitakachomwambia daktari ni huu wanja. Siendi kazini. Akamgeukia Vimla. Dada, nilikupeni neno langu na neno nitalitimiza kwa njia nyingine. Iqbal ana farasi wa hudhurungi, mpole. Leo jioni nitakuja naye mlangoni kwenu, na nitamweleza mama mkwe wako kila kitu, pamoja na hizi shanga nilizokuwa nawafichia.

– Mama anataka mweupe, Vimla akasema. Atafoka.

– Afoke. Mwambie mweupe anaumwa. Na huyo wa Iqbal, nakuomba kwa jina la Mungu, machoni msimguse. Kama ni kijicho, mpakeni kwatoni.

Vimla alikitazama kile kikopo cha fedha, akakifunga, akakirudisha mkobani. Kutoka humohumo akatoa bunda la pamba safi, alilonunua kwa ajili ya taa za ibada, akampa lote. Akaenda mwenyewe upande wa kulia kumshika Resham hatamu.

Maji yalipopoa, Siraj akachovya pamba ya kwanza, akaipitisha taratibu kwenye kope, akimwimbia mnyama chinichini. Ikatoka nyeusi. Ya pili ikatoka nyeusi, na ya tatu ilikuja na kichembe kigumu kinachometa, pambo la harusi ya mtu. Benchi zima lilikuwa limesimama, vikombe vitupu mkononi, hakuna aliyekumbuka chai. Pamba ya sita ilitoka nyeusi vilevile. Siraj akanyoosha mkono bila kugeuka, akaomba ya saba.